Kitabu cha Nyota Katika Baridi ya Endarasha



Kwa wiki tatu safu hii imekuwa kimya, na baadhi yenu mmetuma salamu mkiuliza kama tumeugua. Hatujaugua, alhamdulillah, ila mafua ambayo huku hayamwachi mtu. Tulikuwa tunamaliza kitabu. Kwa kuwa wengi mmeuliza ni kitabu gani, na mmoja wenu akauliza, kwa adabu lakini bila kuficha, kwa nini mtu mzima mwenye watoto watatu akeshe akiandika habari za watu wanaokwenda Mirihi, tumeona tulijibu jambo hilo leo. Wiki ijayo, insha Allah, tutarudi kwenye maswali yenu ya malezi, ambayo yamerundikana.

Kwa msomaji mgeni: huu ni mwaka wetu wa nne Endarasha, kaunti ya Nyeri, katika sehemu za Kieni. Tulipangiwa shule ya sekondari ya kutwa tufundishe hisabati na fizikia, tukaja na ahali yetu, watoto, na majembe mawili ya Pwani ambayo hadi leo majirani huyacheka kwa udogo. Mji wenyewe si mkubwa. Kuna barabara, maduka ya mabati, soko la viazi, kabichi na karoti, na malori yanayosubiri kupakia. Upande wa magharibi umesimama msitu wa milima ya Aberdare, ambayo wenyeji huiita Nyandarua, nao umezungushwa ua wa umeme ili ndovu wasishuke mashambani. Upande wa mashariki, siku ikiamka bila mawingu, Mlima Kenya huonekana wote hadi theluji yake. Mtu aliyekulia Ngomeni, ambako kitu kirefu kuliko vyote ni mnazi, huchukua muda kuizoea milima miwili inayomtazama kutoka pande zote mbili.

Tunaamka saa kumi za alfajiri. Saa hiyo hakuna anayetuhitaji. Tarakilishi yetu ni kuukuu na betri yake ilikufa zamani, kwa hiyo umeme ukikatika tunaandika kwenye daftari la shule kwa mwanga wa taa ya sola, kisha tunayanakili yale yale jioni. Ahali yetu alitushonea glavu kutokana na soksi za sufu, akazikata ncha ili vidole viweze kubonyeza herufi. Mwaka wa kwanza tuliona aibu kuzivaa; sasa tunazitafuta kabla ya miwani. Tukiandika maneno mia nne kabla ya alfajiri kuingia, siku hiyo ni njema. Tukiandika mia moja, tunajiambia ni mia moja ambayo jana haikuwako. Zipo pia asubuhi ambazo tumefuta zaidi ya tulivyoandika, na hizo hatuna la kujiambia.

Adhana yetu hutoka kwenye simu, maana hapa hakuna msikiti wa karibu. Kwa sala ya Ijumaa hutubidi kufika mjini Nyeri, matatu mbili kupitia Mweiga, jambo ambalo mwalimu hulipata wakati wa likizo tu. Maji ya udhu tunayapasha kwanza. Hapa ndipo tulipojifunza jambo ambalo tumelifundisha miaka mingi bila kuligusa. Endarasha iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa hewa ya juu ni nyepesi, maji huchemka yakifika nyuzi zipatazo 93 badala ya 100. Maharage yanayoiva Malindi kwa saa mbili, huku hukataa kabisa. Ahali yetu aliulaumu mkaa, kisha sufuria, kisha akatulaumu sisi tulionunua maharage, mpaka jirani, bibi mmoja ambaye hapa kila mtu humwita Cucu, alipomwambia, "Mama Salma, nunua sufuria ya presha, mlima hauna haraka." Maneno yake tumeyaingiza kitabuni. Wapishi wetu wa Mirihi wana shida hiyo hiyo, nao wana Cucu wao.

Sasa kitabu chenyewe. Jina lake tutalisema likishatoka, maana kitabu kisichochapwa ni kama mimba changa, haitangazwi. Ni riwaya ya kubuni ya sayansi. Vijana kumi na wawili wa Pwani wanarushwa kutoka baharini mbele ya Ngomeni, miaka mia moja na hamsini kuanzia leo, wakajifunze unahodha wa nyota mbali na dunia, kisha warudi. Wako watakaosema, Ngomeni na roketi wapi na wapi? Hao wazee wetu wanawajua majibu yao. Kutoka jukwaa la San Marco, lililosimamishwa na Waitalia baharini karibu na Malindi, setilaiti zilirushwa tangu Aprili 1967 hadi Machi 1988. Mojawapo iliruka tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, ikapewa jina Uhuru. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kwa kuchunguza miali ya eksi itokayo kwenye nyota, na vipimo vyake vilisaidia kumulika kitu kilichoitwa Cygnus X-1, ambacho leo wanasayansi hukihesabu kuwa shimo jeusi. Jina la Kiswahili liko kwenye vitabu vya elimu ya nyota vya dunia nzima, nalo lilipaa kutoka kwenye maji wanayovua changu watu wa kwetu. Watoto wa Ngomeni hawafundishwi habari hiyo. Sisi wenyewe tuliisoma tukiwa chuoni, na tuliona haya.

Mama yetu hakuisoma, aliiona. Hakumbuki ni roketi ipi, kwani alikuwa msichana mdogo na ziliruka kadhaa. Anachokumbuka ni kwamba moto ulipanda kutoka baharini bila sauti yoyote, watoto wakaanza kuhesabu, na walipokwisha kusahau kuhesabu ndipo ngurumo ikafika, kuku wakatawanyika. Mama hakupita darasa la tatu. Lakini tukifundisha kwamba mwanga huitangulia sauti, huanza na kuku wake.

Kila usiku baada ya isha tunampigia simu, tunamsomea tulichoandika. Macho yake yana mtoto wa jicho na hasomi tena, lakini masikio yake hayajasamehe kosa hata moja. Mtandao wa hapa huja na kuondoka. Tunasema sentensi, tunangoja, yeye anajibu sentensi iliyopita, sote wawili tunanyamaza kwa pamoja, kisha tunasema kwa pamoja. Kwa muda mrefu hilo lilituudhi. Halafu tulipofika sura ya kumi na tano, mama wa nahodha anapozungumza na mwanawe aliye Mirihi, tuligundua kwamba tumekuwa tukiifanyia mazoezi bila kujua. Kutoka Mirihi hadi duniani mwanga huchukua kati ya dakika 3 na dakika 22, kulingana na mahali sayari hizo mbili zilipo, na wimbi la redio haliwezi kuushinda mwendo huo. Mama akiuliza "Umekula?" anaweza kusali rakaa zake zote kabla jibu halijafika. Sura hiyo iliandikika kwa siku nne, jambo ambalo halikuwahi kutokea kabla wala baada.

Ndugu mmoja alituandikia kwamba hadithi za kubuni ni uongo, na uongo juu ya mbingu ni mbaya zaidi. Tunamheshimu. Tunaloona sisi ni kwamba uongo ni kumfanya mtu aamini kisichokuwapo, na msomaji wa riwaya anajua tangu jalada kuwa ameambiwa "tuchukulie kwamba". Ibn Tufayl wa Andalusia, tabibu na mwanafalsafa aliyefariki mwaka 1185, alimbuni mtoto aliyelelewa na paa kisiwani peke yake, akamfuatisha hatua kwa hatua mpaka akamtambua Muumba kwa kuchunguza viumbe, na hakuna aliyedhani paa huyo alikuwako. Tena maswali mengine yanayotukesha si ya kubuni hata kidogo. Mwaka 2007 daktari wa Malaysia, Sheikh Muszaphar Shukor, alikwenda kwenye kituo cha anga cha kimataifa ndani ya Ramadhani, na wanazuoni wa nchi yake walitoa mwongozo wa sala na saumu angani. Kituo hicho huizunguka dunia kwa muda wa kama dakika 90, jua huchomoza na kutua mara 16 kwa siku moja, na kibla hakitulii. Waliamua nyakati zifuate saa za mahali aliporushiwa, na kibla kielekezwe kadiri iwezekanavyo. Vijana wetu wa kitabuni wanafuata saa za Ngomeni. Mmoja wao hubishana kila siku, na mwandishi lazima aseme ukweli, mara nyingi hoja zake ni nzuri.

Tulisema kitabu kilicheleweshwa. Tueleze kwa nini.

Sura ya ishirini na nne ilikuwa imekwisha andikwa mwaka juzi, na tuliipenda kuliko zote. Chombo kinarudi duniani. Kitu kinachoingia kwenye angahewa kikitoka mbali hivyo huja kwa kasi inayozidi kilomita 40,000 kwa saa, hewa iliyo mbele yake hubanwa na kupata joto la kuyeyusha chuma, na ngao ikiwa na ufa mmoja, basi. Mwaka 2003 chombo cha Wamarekani kiitwacho Columbia kilivunjika namna hiyo kikirudi, na watu 7 waliokuwamo wakafa. Tulikuwa tumefanya hesabu zetu vizuri. Katika sura ile chombo chetu kiliungua na wanafunzi wote kumi na wawili. Tuliona ni ushujaa wa mwandishi kutomwonea msomaji huruma.

Usiku wa tarehe 5 Septemba 2024 bweni la wavulana liliungua katika shule moja hapa Endarasha. Watoto 21 walifariki. Rais alitangaza siku tatu za maombolezo, bendera zikashushwa nusu mlingoti, na jina la mji huu mdogo likasomwa kwenye redio za nchi nyingi. Hatutasimulia ya watu hapa. Msiba ule una wenyewe. La kwetu ni dogo. Asubuhi ile tulikwenda kusimama na majirani barabarani, kama kila mtu, bila kuwa na la kufanya. Cucu alikuwa ameshika blanketi, amekuja nalo ikiwa litahitajika, na hakuna aliyelihitaji, akalishika tu mpaka adhuhuri.

Tuliporudi nyumbani hatukuifungua tarakilishi kwa miezi minane. Tulipoifungua, tuliisoma sura ya ishirini na nne mara moja. Hesabu zilikuwa sahihi. Hatukuona ushujaa wowote humo ndani. Tulimwona mtu aliyeketi salama karibu na jiko akichoma watoto wa kubuni ili msomaji ashtuke.

Msidhani tunasema mwandishi asiandike mauti. Vitabu visivyo na mauti haviwafai wanaokufa. Gakaara wa Wanjaũ, mtu wa huku Nyeri, alikamatwa mwaka 1952, akafungwa kizuizini miaka mingi, ikiwamo kwenye kisiwa chetu cha Manda huko Lamu, akaandika shajara kwa siri. Ilipochapwa kwa Kikuyu mwaka 1983 ilikuwa na mateso na vifo ndani yake, na mwaka uliofuata ikashinda tuzo ya Noma. Lakini Gakaara aliandika yaliyompata. Sisi tulikuwa tumeazima. Tofauti hiyo hatukuiona mpaka moto ulipowaka mwendo wa miguu kutoka mlangoni petu.

Na kwa kuwa tumemtaja, tuseme zaidi, kwa sababu tukikata tamaa humfikiria yeye. Alikuwa na kiwanda chake kidogo cha uchapaji mjini Karatina, upande wa pili wa kaunti hii. Aliandika vijitabu na jarida, akavichapa, akaviuza mwenyewe, kwa lugha ambayo wachapishaji wakubwa hawakuona faida yake. Aliendelea hivyo hadi uzeeni, akafariki mwaka 2001. Likizo iliyopita tulipita Karatina siku ya soko, tukasimama katikati ya mikungu ya ndizi tukijaribu kumwona mtu huyo akibeba vitabu vyake kwa mkono. Tulinunua ndizi tukaondoka.

Mwingine tunayemfikiria ni marehemu Katama Mkangi, Mpwani mwenzetu, naye aliyeonja kizuizi. Katika riwaya yake ya Walenisi, iliyotoka mwaka 1995, mhusika Dzombo hurushwa katika chombo mpaka nchi ambayo jina lake, likitamkwa polepole, ni "wale ni sisi". Basi anayedhani kwamba Kiswahili hakijawahi kupanda chombo cha angani, amechelewa miaka thelathini.

Mkangi alikuwa na mchapishaji. Sisi hatuna. Tuliopeleka kwao walitujibu kwa upole kwamba riwaya ya Kiswahili huuzwa ikiteuliwa kutahiniwa shuleni, na hii ya Mirihi hawaioni ikiteuliwa. Ni jibu la mfanyabiashara, wala hatulilaumu. Basi tunajichapishia. Nambari ya ISBN tumeipata kwa Maktaba ya Taifa, na hakimiliki tumeiandikisha kwa Bodi ya Hakimiliki. Hayo ni mepesi. Lililo zito ni mchapaji. Kitabu chetu cha kwanza, cha hadithi fupi, tulimlipa mtu nusu ya fedha, akatuletea nakala mia tatu, na katika arubaini kati ya hizo kurasa kumi na sita zilikuwa zimefungwa juu chini. Alituambia wasomaji wa kweli watakigeuza kitabu. Nakala tisini bado ziko chini ya kitanda.

Ndiyo maana safari hii ahali yetu aliweka sharti: fedha ya kitabu isiguse karo, wala fedha ya jicho la mama. Tulikodi robo eka, tukapanda viazi. Msimu wa kwanza sakitu ilianguka usiku mmoja, na asubuhi majani yote yalikuwa meusi kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto. Hatukupata hata viazi vya kula. Msimu wa pili, alhamdulillah, tulivuna magunia ya kutosha nakala mia mbili na kusalia kidogo. Macho ya mama yalitibiwa kwanza. Jicho la kulia limefunguliwa mwezi uliopita, la kushoto linangoja. Mwaka mmoja kitabu kilisubiri viazi, na hatudhani msomaji ataionja tofauti.

Sura ya ishirini na nne tumeiandika upya mara tano. Katika ile iliyosalia, ngao ina ufa, nahodha anaujua, na chombo ni kizito mno kupita kwa pembe iliyo salama. Yeye anabaki kwenye kituo cha juu ili wengine washuke wakiwa wepesi. Vijana kumi na wawili wanaanguka baharini mbele ya Ngomeni alasiri, upepo wa kusi ukivuma, na madau yanakwenda kuwatoa mmoja mmoja. Hesabu zake ni sahihi pia. Tulizirudia.

Tulipomsomea mama, mtandao ulikuwa mzuri kwa namna isiyo ya kawaida. Alinyamaza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na huyo nahodha?"

Tukamwambia, "Mama, amebaki."

"Naye ana mama," akasema. "Umemtaja mwenyewe, sura ile ya kungoja majibu."

Mama alikuwa na kaka aliyetoka na ngalawa msimu wa kusi, kabla sisi hatujazaliwa. Hawakupata hata ubao. Tunajua anasema nini, naye anajua kwamba tunajua. Tulimweleza kwamba chombo kisingeweza kumbeba, tukamtajia uzito na pembe. Akatusikiliza kama anavyosikiliza bei ya samaki, akasema, "Mwanangu, hesabu umeziweka wewe," akatuombea dua, akakata simu.

Tumekaa na sentensi hiyo siku kumi na moja. Ahali yetu anaona mama ana haki. Binti yetu Salma, mwenye miaka kumi na tatu, anaona nahodha akirudi kitabu kitakuwa cha watoto wadogo. Cucu, tulipomsimulia kwa ufupi tukiwa ukutani, aliuliza kama huko juu nahodha ana chakula cha muda gani. Hilo hatukuwa tumelihesabu. Tumelihesabu usiku huo: miezi kumi na minne, akila kwa uangalifu.

Basi tumeongeza ukurasa mmoja. Hatukumrudisha. Lakini vijana wanapokauka maji, mkubwa wao anauliza kituo cha Ngomeni kina chombo kingine au hakina, na fundi mmoja anaanza kuhesabu miezi kwa vidole. Jana usiku tulimsomea mama ukurasa huo. Alisema tuusome tena. Tuliusoma tena. Akasema usingizi umemshika, tutazungumza kesho.

Mpanga kurasa anangoja faili Jumatatu, na nusu ya malipo tumekwisha mtumia. Safari hii tumeandikiana, mashahidi wawili, na kipengele kimoja kinahusu kurasa zilizo juu chini. Wenye kutaka nakala wasitume fedha bado. Tutawatangazia hapa hapa zikifika, na za Malindi zitashukia kwa mama.